Bata Rangi ya Damu ya Mzee

Jamani, nimeona mengi kwenye kazi hii. Lakini bata kumi na mmoja kutoka nyumbani asubuhi wakiwa weupe, halafu kurudi mchana wakiwa rangi ya damu ya mzee, hilo lilikuwa geni kwangu.

Na siyo kila siku. Jumanne na Ijumaa tu.

Wewe mwenyewe unajua mtaani watu wanavyoisoma Ijumaa, siku ya wachawi.

Naitwa Jovinary, Mhaya wa Kamachumu. Ndiyo, yale yote mnayosema kuhusu sisi ni kweli, tuendelee. Kazi yangu ni ukaguzi wa mazingira. Naingia kwenye maeneo ya viwanda, naangalia majitaka yanaelekea wapi, mitaro imechimbwa kama mchoro unavyosema au imechimbwa kwa kukadiria, halafu naandika ripoti na kuweka saini.

Hiyo saini naomba muikumbuke. Inaanza na J kubwa iliyopinda kama ndoana, halafu inatoka na mkia unaozunguka mara tatu na kuishia na nukta mbili. Niliifanyia mazoezi tangu kidato cha pili.

Dereva wetu wa ofisini anaitwa Mihayo, Msukuma mwenye mdomo usio na breki. Kila akiiona ananiita kwa lile jina la utani la sisi Wahaya tunaojisifia usomi: "Nshomile, hiyo saini peke yake inastahili posho."

Basi, ilikuwa mwezi wa kumi na moja mwaka jana, vuli imekolea. Picha za wale bata zilikuwa zimeshazunguka kwenye magrupu yote ya WhatsApp hapa Mwanza. Wengine wanacheka, wengine wanakemea kwa jina la Yesu. Mimi nilicheka, nikawatumia na wenzangu.

Jumanne moja mchana, mlango wa ofisi ukafunguliwa. Akaingia mama wa miaka sitini na kitu, kanga mbili, kapu mkononi. Ndani ya kapu kuna bata.

Mwekundu wa kuiva.

"Shikamoo mama," nikasema.

"Marahaba. Wewe ndiye mtu wa mazingira?"

"Ndiye mimi."

Akamtoa yule bata, akamweka mezani, juu kabisa ya ripoti ya bosi wangu Odeta. Bata akajikung'uta. Ripoti ikapata madoadoa.

"Nimeleta ushahidi," akasema.

Anaitwa Mama Mayala. Ni mjane, mzaliwa wa Nansio kule kisiwani, na ameishi miaka ishirini na mbili kwenye mtaa mmoja mbele ya Pasiansi, kwenye nyumba zilizobanana na mawe pale chini ya eneo la viwanda. Majina ya huo mtaa na hilo eneo nitayaficha, bado nataka kula.

Mtaa mzima ni yeye tu anayefuga bata. Kwa hiyo bata walipoanza kubadilika rangi, majirani hawakuhangaika kutafuta sababu. Mama katoka kisiwani, hana mume, bata wake wanarudi na rangi ya damu siku ya Ijumaa. Kikao kikakaa, hukumu ikatoka. Sungusungu wakampelekea ujumbe kwamba Jumamosi saa nne kuna mkutano wa mwisho, na baada ya hapo awe ameondoka. Aende kwa kaka yake Misungwi au arudi Nansio, wao haiwahusu.

"Nyumba ile mume wangu aliijenga kwa mikono yake," akasema. "Kaburi lake liko nyuma ya jiko. Sasa mimi nimuache na nani?"

Odeta akavua miwani. Mimi nikaangalia chini.

"Bata wangu hawajui uchawi, na mimi siujui. Huko juu kuna viwanda. Nyie mna kalamu. Nendeni kwa miguu yenu, muandike mtakachokiona, mkisome mbele ya mkutano. Sina ombi lingine."

Bahati nzuri, eneo lile la viwanda lilikuwa kwenye ratiba yetu. Walitaka kujenga awamu ya pili, na bila ripoti yetu kusema awamu ya kwanza iko sawa, hakuna jiwe linawekwa.

"Jovinary," Odeta akaniambia, "keshokutwa unaenda kule. Ukaguzi wa kushtukiza."

"Sawa bosi."

"Barua ya kuwajulisha umeshawapelekea?"

"Tangu wiki iliyopita."

Usicheke. Ndivyo tunavyoshtukiza sisi. Barua inatangulia, ina kumbukumbu namba, ina nakala kwa watu wanne. Ukienda bila barua, mlinzi wa getini anakuuliza nani kakutuma, unasimama juani mpaka unashtuka wewe.

Alhamisi mimi na Mihayo tukafika. Meneja wa eneo lile, bwana Nestory, alikuwa getini anatusubiri. Shati limenyooshwa, tabasamu limenyooshwa zaidi.

"Karibuni sana! Mmetushtukiza kweli," akasema. Nyuma yake nasikia harufu ya sato wa kuchoma.

Akatupeleka kwenye mabwawa ya kusafishia majitaka. Yako matatu. Majitaka yote ya viwandani yanatakiwa kuingia la kwanza, yatulie, yapite la pili, yakifika la tatu yawe safi kiasi cha kuachiwa kwenda ziwani.

La tatu lilikuwa safi bwana. Unaona mpaka chini. Na ndani yake wanaogelea sato, wakubwa wakubwa, kama kumi.

"Hawa wanaishi humu mwaka wa pili sasa," Nestory akasema. "Mashine zinaweza kudanganya. Sato hadanganyi."

Nikiri tu, niliingia mkenge. Nikatoa kalamu. Moyoni nikasema mama wa watu ana lake jambo, maji haya hata mimi nayanywa. Nikaanza kuchora ile J.

Mihayo alikuwa kachuchumaa ukingoni. Kazi yake ni kuendesha gari, lakini kazi zote anaingilia.

"Nshomile, njoo uone huyu."

"Nini tena?"

"Huyu sato mbona amevaa kamba?"

Nikainama. Kweli. Sato mmoja ana kamba imeingia mdomoni ikatokea kwenye shavu, kipande kama shubiri moja kinaelea nyuma yake. Mwingine naye hivyo hivyo. Mtu yeyote aliyewahi kununua samaki mwaloni anaijua kamba ile. Ni ya tungo. Wanawatunga kwa mashavu, unabeba unaenda nao nyumbani.

"Meneja," Mihayo akauliza, mpole kabisa, "hawa wa mwaka wa pili, walizaliwa wakiwa kwenye tungo?"

Nestory akakohoa. "Labda walijinasa."

"Kwenye bwawa lisilo na mvuvi?"

Nikarudisha kalamu mfukoni, nikaenda bwawa la kwanza, ambalo hakutaka nilione. Magugu yameota mpaka ndani ya mdomo wa bomba. Ndege kajenga kiota. Majitaka hayajapita pale miezi na miezi. Yale ya bwawa la tatu yalikuwa maji ya ziwani, wamepampu wenyewe, wakamwaga na sato wa sokoni kwa heshima ya barua yetu.

"Sasa majitaka ya viwanda yanaenda wapi?" nikauliza.

"Chakula kinapoa," akajibu.

Sitawadanganya, tulikula. Mihayo alikula wawili.

Lakini kabla ya kuondoka nilipita kiwanda cha masweta ya sare za shule. Ukutani kuna ubao wa ratiba. Msimu ule walikuwa na oda moja tu, masweta ya damu ya mzee. Jumatatu kufuma. Jumanne kutia rangi. Ijumaa kutia rangi.

Nikapiga picha ule ubao.

"Tumempata," nikamwambia Mihayo.

"Umempata nani? Una picha ya ubao. Jumamosi watakuuliza rangi imetoka huko juu ikafikaje kwa bata, utawaambia ilipanda bodaboda?"

Alikuwa sahihi, na hilo liliniudhi kuliko sato.

Ijumaa asubuhi tukaenda kwa Mama Mayala. Akatukaribisha uji wa ulezi, kikombe kikubwa, akaniongezea tena bila kuulizwa. Vitu vyake alikuwa ameshaanza kufunga. Sufuria ziko kwenye kiroba, picha ya mumewe imetolewa ukutani, alama yake tu imebaki.

"Mama, bata wanaelekea wapi wakitoka?"

"Mimi miguu yangu haipandi mawe. Wafuate uone."

"Niwafuate bata?"

"Wana elimu ya kutosha," akasema.

Basi mimi, shahada mbili, buti mpya, kifaa cha ramani shingoni, nikajipanga nyuma ya bata kumi na mmoja.

Bata hawana haraka. Wanatembea hatua kumi, wanasimama, wanagombana, mmoja anarudi nyuma, wote wanamsubiri. Mmoja alininyea kwenye buti na kuniangalia usoni. Mihayo nyuma yangu anarekodi kwenye simu, anatangaza kama yuko uwanja wa mpira.

Wakapita nyuma ya vyoo, wakapanda, wakaingia upenyo kati ya majabali mawili. Nikajibana nikapita. Upande wa pili kuna bonde dogo limejaa matete, na katikati ya matete kijito kinatiririka taratibu, kinazama chini ya majabali kabla ya kufika kwenye nyumba, ndiyo maana mtaani hakuna anayekijua. Juu kidogo kuna kidimbwi. Bata wote chubwi, ndani.

Maji ni meupe. Nikasubiri. Nikakaa kwenye jiwe la ukingoni, lenye utelezi.

Saa nne na dakika chache, ndani ya matete kitu kikaguna. Nikasimama nichungulie. Lilikuwa bomba la saruji, pana kama tairi la lori, limetokea chini ya ukuta wa eneo la viwanda. Likaguna tena, likatapika. Maji yenye mvuke, mekundu ya kuiva.

Niliruka. Niliteleza. Nilitua na makalio katikati ya bata.

Nilipotoka, suruali yangu ya kaki ilikuwa damu ya mzee kuanzia kiunoni. Mihayo alikuwa amelala juu ya jiwe, anacheka mpaka hana sauti.

"Usiifue!" akafanikiwa kusema. "Huo ndio ushahidi!"

Nikajaza chupa tatu za sampuli. Nikapima mwelekeo wa bomba. Lilikuwa la mtaro wa maji ya mvua. Kiwanda kimechepusha majitaka yake humo, kwa sababu mtaro uko karibu na mabwawa yako mbali. Mtaro wenyewe umeelekezwa kwenye lile bonde ambalo maji yake yanapita chini ya mtaa wa watu kwenda ziwani. Nilikasirika kwelikweli. Nikajiuliza ni mpumbavu gani aliyepanga mtaro wa viwanda umwagie kwenye kijito.

Jumamosi saa nne, uwanja wa ofisi ya mtaa ulijaa. Mwenyekiti wa mtaa, mzee Masalu, mbele kwenye meza. Sungusungu wamesimama pembeni na fimbo zao. Mama Mayala kakaa kwenye kiroba chake cha sufuria, bata wako kwenye matenga mawili. Hakumwangalia mtu.

Nestory alikuwepo. Alikuwa amesikia, akaja na bahasha.

Nikasimama. Nikajimwambafai, nikatunisha kifua kidogo, kusema kweli. Nikaonyesha ubao wa ratiba, nikaonyesha chupa tatu, mwisho nikainua ile suruali juu ya fimbo niliyoazima kwa sungusungu.

"Wananchi! Mimi sijarogwa. Nimeanguka pale pale wanapoogelea bata wa huyu mama!"

Watu wakacheka. Mzee Masalu akatikisa kichwa kama anayeanza kuelewa. Nikaona mabega ya Mama Mayala yanashuka kidogo, nikafurahi moyoni.

Ndipo Nestory akaomba nafasi.

"Mwenyekiti, huyu kijana anaweza kuwa ameangukia popote, hata kwenye ndoo. Mtaro wetu ni wa mvua na unaishia kwenye mchanga mkavu. Hakuna kijito upande ule. Siyo maneno yangu. Kabla hatujajenga, alikuja mtaalamu akatembea eneo lote." Akatoa karatasi kwenye bahasha, akasoma kwa sauti: "Nimetembea eneo lote kwa miguu. Upande wa mashariki hakuna mkondo wa maji, wa kudumu wala wa msimu."

Minong'ono ikaanza. Mtu wa nyuma akapaza sauti, "Kama hakuna mkondo, rangi inafikaje kwa bata kama siyo mambo yake?"

"Twende tukaone!" nikasema. "Kijito kipo!"

"Mvua za juzi hizo," Nestory akajibu. "Hata kwenye nyayo za ng'ombe maji yapo. Mtaalamu alisaini kwamba hakuna. Mnamwamini aliyesaini au aliyeanguka?"

Mzee Masalu akaipokea karatasi, akaisogeza mbali na macho, akaigeuza kwetu. "Huyu mtaalamu ni nani? Jina silioni. Kuna hii saini tu."

Nikaangalia.

J kubwa iliyopinda kama ndoana. Mkia mrefu. Mizunguko mitatu. Nukta mbili.

Daah.

Miaka sita nyuma. Ajira yangu ya kwanza, kwenye kampuni nyingine. Mradi ulikuwa na jina lingine, kote kulikuwa pori na mawe, tuliingilia upande wa pili kabisa. Mvua ilikuwa inanyesha kinyama na mimi nilikuwa na viatu vipya vya ngozi laini, mshahara wa kwanza ule. Wakaniambia tembelea upande wa mashariki. Nikakaa kwenye kibanda cha mlinzi, nikala mahindi ya kuchoma, nikaangalia ramani, sikuona mstari wa mto. Nikaandika nimetembea. Wahandisi wakasoma, wakaelekeza mtaro huko.

Yule mpumbavu niliyekuwa namtafuta tangu jana alikuwa kavaa buti zangu.

Jina halikuwepo. Pale uwanjani mtu mmoja tu aliweza kuijua saini ile, naye ni Mihayo. Nikamwangalia. Kwa mara ya kwanza tangu nimjue, alikuwa kafunga mdomo. Aliangalia chini, akaniachia mwenyewe.

Ningekausha, hakuna ambaye angejua. Ningeandika ripoti yangu taratibu, majibu ya maabara yangetoka baada ya wiki tatu, na kazi yangu ingekuwa salama.

Baada ya wiki tatu Mama Mayala angekuwa Misungwi, na mtu mwingine yuko ndani ya nyumba yake.

Mzee Masalu akagonga meza. "Kama hakuna la ziada, basi mama..."

"Mimi," nikasema.

"Wewe nini?"

"Saini ni yangu. Mtaalamu ni mimi. Sikutembea. Mvua ilikuwa inanyesha, nikaogopa kuharibu viatu. Niliandika uongo. Kijito kipo, kilikuwepo na siku ile, na huyu mama hana kosa lolote."

Nikatoa kalamu, nikachukua karatasi ya mezani, nikapiga saini mbele yao. Mzee Masalu akalinganisha mkia kwa mkia. Nestory akaanza kukusanya bahasha yake kimya kimya.

Bata mmoja akalia kwenye tenga.

Mama Mayala akainuka. Akanisogelea polepole, akaniangalia kuanzia kichwani mpaka kwenye buti.

"Kumbe mchawi wa bata wangu ni wewe," akasema. "Na jana nimekunywesha uji vikombe viwili."

Uwanja ulilipuka. Watu walicheka mpaka sungusungu wakaangusha fimbo. Mimi nilicheka, halafu nikagundua ninalia. Sikujificha.

Mzee Masalu alisubiri watulie. "Mama, fungua mizigo yako. Kosa ni letu, na tutakuja kukuomba radhi nyumbani kwako. Na wewe kijana, mtaa unakutoza faini."

"Sawa mzee."

"Ile safari uliyoandika kwamba umetembea, utaitembea leo. Kuanzia bombani mpaka ziwani. Na sisi tunakuja nyuma."

Nikatembea. Kwenye matope, kwenye matete, chini ya majabali, mtaa mzima nyuma yangu na bata wamefunguliwa wako mbele wanaongoza. Saa mbili nzima. Kila nikitaka kuruka kipande, kuna bibi ananiita, "Mtaalamu, na hapo!"

Kwa hiyo, nini kilitokea baadaye? Lile bomba limezibwa. Kiwanda kilisimamishwa kutia rangi mpaka kikaunganishwa na mabwawa, na siku hizi bwawa la kwanza linanuka kama linavyotakiwa kunuka. Michoro ya awamu ya pili imerudiwa, kijito kimechorwa. Mimi nilisimamishwa kazi miezi sita. Nilistahili zaidi, Odeta alinihurumia.

Mama Mayala yupo kwake. Picha ya mumewe imerudi ukutani. Bata wameongezeka, mmoja dume ana maringo na kelele nyingi, amempa jina. Anamwita Nshomile. Nikipita pale mama akiita jina hilo, tunageuka wote wawili.

Ile saini niliiacha. Siku hizi naandika jina langu lote kwa herufi zinazosomeka, ili nikikosea msihangaike kunitafuta.

Na nyie mnaosaini makaratasi huko maofisini, iwe ramani, iwe cheti, iwe kiwanja cha mtu, nawaomba kitu kimoja. Kabla hujaandika nimefika, angalia viatu vyako. Kama ni visafi, rudi.